Gary Kildall na ndege iliyoyameza maisha yake

Kisa chenyewe husimuliwa hivi. Mwaka 1980 wajumbe wa IBM, kampuni kubwa ya kompyuta, walifunga safari hadi Pacific Grove, mji mdogo wa pwani ya California, wakitafuta mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha mashine nzima, kwa ajili ya kompyuta waliyokuwa wakiiunda kwa siri. Mtu waliyemfuata, Gary Kildall, hakuwepo. Alikuwa angani, anarusha ndege yake. Wageni wakachoka kungoja, wakarudi kwa Bill Gates. Gates akawa tajiri kuliko watu wote duniani, na Kildall akasahauliwa.

Kisa hiki nimekutana nacho magazetini, kwenye vitabu vya biashara, hata vinywani mwa wahamasishaji wanaotuonya tusiiache bahati ipite mlangoni. Ndege ilikuwepo kweli, na siku hiyo Kildall aliirusha. Lakini mtu aliishi miaka 52, akaandika programu zilizofanya kompyuta ndogo iwe chombo cha kazi, na leo ukimtaja unaulizwa habari za asubuhi moja tu. Hapo ndipo panaponiuma.

Wahenga walisema ya kuambiwa changanya na ya kwako. Nimekuwa nikimfuatilia Kildall kwa muda sasa, kupitia aliyoyaandika mwenyewe, mahojiano ya watu waliofanya kazi naye, na programu zake zilizohifadhiwa na Makumbusho ya Historia ya Kompyuta ya Mountain View. Kadiri ninavyosoma, ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba anayetaka kumjua mtu huyu aiache kwanza ile siku ya IBM, aanzie kwingine, na airudie akiwa na ya kwake mkononi. Lakini kwa kuwa ndiyo siku ambayo kila mtu anaiulizia, tuimalize.

Gates ndiye aliyewaelekeza IBM kwa Kildall, maana mfumo wake, CP/M, ndio uliokuwa ukitawala kompyuta ndogo wakati huo. Asubuhi ya miadi Kildall na mwenzake Tom Rolander waliruka kwenda upande wa Oakland kumwona Bill Godbout, mfanyabiashara wa kompyuta aliyekuwa mteja wao. Kwa hiyo ilikuwa safari ya kazi. Nyumbani alibaki mkewe, Dorothy McEwen, ambaye ndiye aliyekuwa akishughulikia mikataba ya kampuni yao, Digital Research. IBM wakamwekea mezani hati ya kutunza siri, nzito na iliyoegemea upande mmoja. Akamwita mwanasheria wa kampuni, Gerry Davis. Hati haikusainiwa papo hapo.

Mpaka hapo hakuna ubishi mkubwa. Baada ya hapo simulizi zinaachana. Kildall aliandika kwamba alirejea mchana na kukutana na wageni, na kwamba usiku huo huo yeye na mkewe walijikuta ndege moja na watu wa IBM kuelekea Florida, wakazungumza na kupeana mikono. Jack Sams, aliyeongoza ujumbe wa IBM, alikana kabisa kuwahi kukutana naye. Alichokubali ni kwamba huenda mwenzake mmoja alikuwa kwenye ndege hiyo.

Tumwamini nani? Kildall aliyaandika hayo mwaka 1993, miaka 13 baadaye, akiwa na kidonda moyoni. Sams naye alisema yake baada ya miaka mingi, akitetea uamuzi ambao jina lake limefungwa nao. Hakuna aliyekula kiapo. Mtafiti anayelazimisha mshindi hapa anajidanganya. Swali lenye faida zaidi, kwa maoni yangu, ni hili: kama Kildall angebaki nyumbani siku nzima akiwapakulia wageni chai, nini kingebadilika?

Hati ingekuwa ile ile, na mwanasheria yule yule angeikagua. Kubwa zaidi, bidhaa waliyoihitaji IBM haikuwa tayari. Kompyuta yao ilijengwa juu ya prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu za kompyuta, ya Intel 8088, ndugu wa 8086, na CP/M iliyokuwa sokoni iliandikwa kwa ajili ya prosesa ya kizazi kilichotangulia. Toleo jipya lilikuwa likingojewa, na kungojewa huko ndiko kulikozaa mpinzani. Kampuni ndogo ya Seattle Computer Products ilikuwa imeshaanza kuuza kadi yenye 8086 mwishoni mwa 1979, ikawa haina mfumo wa kuiendesha. Kijana wao, Tim Paterson, akachoka kusubiri. Aprili 1980 alianza kuandika wake, akifuata mpangilio wa CP/M kama ulivyoelezwa kwenye kitabu chake cha maelekezo, ili programu zilizokwisha kuandikwa ziweze kuhamishwa bila taabu. Miezi hiyo Kildall alikuwa amezama kwenye kazi nyingine aliyoipenda zaidi, kompaila (programu ya kutafsiri maandishi ya mwandishi wa programu yawe maelekezo ya mashine) ya lugha ya PL/I. Microsoft, kampuni ya Gates, ilichukua leseni ya mfumo wa Paterson kwa dola 25,000, na Julai 1981 ikaununua moja kwa moja kwa dola 50,000 zaidi.

Tazama tarehe zinavyopangana. Paterson alianza kuandika miezi kadhaa kabla IBM hawajabisha hodi Pacific Grove. Asubuhi ya Oakland inaingia wapi katika hesabu hiyo?

Na mkono wa Kildall haukuishia hapo. Alipoona mfumo mpya wa IBM unaitika kwa namna ile ile ya CP/M, alifikiria kwenda mahakamani. Sheria ya hakimiliki ya programu ilikuwa bado changa, na hakuna mwanasheria aliyeweza kumhakikishia chochote. Uamuzi mkubwa wa mahakama ya rufani kwamba mfumo endeshi nao unalindwa na hakimiliki, katika shauri la Apple dhidi ya Franklin, ulitoka mwaka 1983 tu. Basi wakaafikiana: yeye asiishitaki IBM, nao waiuze CP/M-86, toleo la CP/M la prosesa hizo mpya, bega kwa bega na ule wa Microsoft. Ilipofika dukani, PC DOS, yaani ule wa Microsoft, iliuzwa dola 40, na CP/M-86 dola 240. Nani angelipa mara sita kwa kitu ambacho kwa macho ya mnunuzi kinafanya kazi ile ile? Biashara ya Kildall kwenye kompyuta ya IBM ilifia kwenye ile karatasi ya bei.

Sasa nimtaje tena Dorothy, maana katika kisa cha ndege yupo mtu wa pili anayeonewa. Wasimulizi wanaomwonea huruma Gary mara nyingi humtupia lawama mkewe: mwanamke aliyekataa kusaini, akaichezea bahati ya mumewe. Mwanamke huyo ndiye aliyeijenga kampuni pamoja na mumewe. Ndiye aliyeujua mkataba kwa sababu Gary, kwa tabia yake, alikuwa mtu wa programu na si mtu wa mikataba. Alipoletewa hati inayomfunga upande mmoja na kampuni kubwa kuliko zote za kompyuta duniani, alifanya kile ambacho mwanasheria yeyote angemwambia mteja wake afanye: asome kwanza, aulize, asikimbilie kalamu. Laiti angekuwa mwanamume mwenye suti, wangemwita makini. Mtafiti wa maisha ya Gary ambaye hamtafuti Dorothy kwenye kila leseni, kila barua na kila bei iliyopangwa, anaandika nusu ya habari. Kampuni iliyoanzia kwao nyumbani, ikiuza nakala ya mfumo kwa dola 70, haikufika kuendesha aina zinazokadiriwa kuwa 3,000 za kompyuta kwa kipaji cha mumewe peke yake.

Tuanze basi pale ninapoona pangeanziwa.

Kildall alizaliwa Seattle tarehe 19 Mei 1942, katika familia iliyoendesha shule ya unahodha. Babu yake ndiye aliyeianzisha, baba yake akafundisha, naye Gary akafundisha hapo ujanani. Watu wa pwani wataelewa upesi kuliko wengine shule ya aina hiyo inafundisha nini: kuipima nyota, kuisoma saa, na kukokotoa mpaka ujue chombo kiko wapi katikati ya maji yasiyo na alama. Baba yake alitamani siku moja ipatikane mashine ya kuifanya hesabu hiyo ya pembetatu. Mwishoni mwa 1971 Intel ilipoitangaza 4004, prosesa nzima ndani ya kipande kimoja cha silikoni, Kildall alikuwa mwalimu katika Chuo cha Uzamili cha Jeshi la Majini kule Monterey. Wengine waliona kifaa cha kuendeshea taa za barabarani na mashine za kuhesabia. Yeye aliiona mashine ya baba yake, akakaa kuiandikia hesabu za uabiri.

Habari hii ndogo hainitoki. Inaeleza kwa nini mwalimu wa chuo cha wanamaji alikuwa akienda Intel siku moja kwa wiki, na kwa nini alikuwa kati ya watu wachache mno walioichukulia prosesa ile kama kompyuta kamili. Kwa ajili ya Intel aliunda PL/M, lugha iliyomwezesha mhandisi kuiandikia prosesa maelekezo yanayosomeka badala ya kupanga namba moja moja. Wakati huo huo hakuuacha usomi. Alipata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1972, na mwaka uliofuata akachapisha andiko kuhusu namna kompaila inavyoweza kuikagua programu nzima, njia zake zote, na kujua kabla haijaendeshwa ni thamani gani zitakuwa wapi. Njia hiyo bado inafundishwa vyuoni kwa jina lake. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta anaweza kukutana na jina la Kildall kwenye somo la kompaila na asijue kabisa kwamba ndiye yule yule wa kisa cha ndege.

Kisha ikaja diski. Kompyuta ndogo za mwanzo zilikuwa hazina kumbukumbu ya kudumu ya maana, na kazi ilihifadhiwa kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa. Kildall alipata kiendeshi cha flopi cha inchi 8 kutoka kampuni ya Shugart, kikiwa kimeshatumika na kuchakaa kwenye majaribio. Alikuwa hajui kuunda saketi ya kukiunganisha na kompyuta. Rafiki yake John Torode akaiunda, na mwaka 1974, Pacific Grove, programu ya Kildall ikasoma na kuandika diski. Hiyo ndiyo CP/M.

Lakini ubunifu ninaouona mkubwa kuliko huo ulikuja baadaye, nao ulitokana na uchovu. Kila mtengenezaji wa kompyuta alikuwa na diski zake na skrini yake, na kila mmoja alitaka CP/M irekebishwe imfae. Kildall akaukata mfumo sehemu mbili. Sehemu kubwa ikabaki ile ile popote. Sehemu ndogo, inayozungumza na vifaa vyenyewe, ikatengwa kando ili kila mtengenezaji aiandike mwenyewe. Hiyo sehemu ndogo akaiita BIOS. Kabla ya hapo, mwandishi wa programu ya hesabu za duka aliandikia kompyuta ya aina fulani. Baada ya hapo aliandika mara moja, akauza kwa wote wenye CP/M. Soko la programu kama tunavyolijua lilianzia kwenye mkato huo.

Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli aliyewahi kubonyeza F2 au Delete kompyuta inapowaka ili aingie BIOS analitaja jina hilo kila siku. Na anayeulizwa faili lake liko wapi, akajibu liko diski C, anafuata desturi iliyoingia kwenye kompyuta ndogo kupitia CP/M, ambapo diski za flopi ziliitwa A na B. Kwa haki, Kildall naye aliiazima desturi hiyo kutoka kwenye mifumo ya kompyuta kubwa zilizomtangulia. Hakuwa mtu aliyeumba kila kitu kutoka hewani, na wanaomtetea kwa kumfanya hivyo hawamsaidii.

Kuazima huko kunatuleta kwenye ugomvi ambao haujaisha: je, mfumo wa Paterson, mama wa MS-DOS ya Microsoft, uliibwa kutoka kwa Kildall? Mwaka 2004 Harold Evans, mwandishi wa habari Mwingereza, alimpa Kildall sura nzima katika kitabu chake kuhusu wavumbuzi wa Marekani, akauita mfumo wa Paterson mwigo. Paterson akaenda mahakamani mwaka 2005 akidai kuchafuliwa jina. Mwaka 2007 jaji akalitupilia mbali shauri lake, na wapo waliolipokea hilo kama hukumu ya wizi. Mahakama kukataa kumwadhibu mwandishi kwa maneno yake ni jambo moja. Kuthibitisha kwamba msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ulinakiliwa ni jambo jingine kabisa.

Hapa ndipo ninapoipenda kazi ya hifadhi. Mwaka 2012 mhandisi Bob Zeidman aliilinganisha misimbo ya mifumo hiyo miwili kwa zana za uchunguzi zinazotumika kwenye mashauri ya hakimiliki, na hakuona ushahidi wa kunakili. Mwaka 2014 makumbusho yale yale ya Mountain View yaliweka hadharani msimbo wa MS-DOS ya mwanzo, na miezi michache baadaye msimbo wa CP/M yenyewe. Sasa mtu yeyote anayejua kusoma misimbo ya aina hiyo anaweza kukaa nayo. Atakachokiona ni kwamba milango ya mifumo hii, yaani miito ambayo programu nyingine huutumia mfumo kuuomba kazi, inafanana, na mingi hata namba zake ni zile zile. Nyumba nyuma ya milango hiyo zilijengwa na mafundi tofauti. Kama kuiga milango ni haramu au halali ni swali la sheria na la maadili, na mimi naona Kildall alistahili kulipwa na kutajwa. Ila neno wizi wa msimbo sitalitumia, kwa sababu msimbo wenyewe umekataa kuniunga mkono.

Ukitaka kumwona akiwa hai, ipo hazina nyingine. Kuanzia 1983 hadi 1990 alishiriki kuendesha kipindi cha televisheni kuhusu kompyuta pamoja na Stewart Cheifet, na sehemu nyingi zimehifadhiwa kwenye intaneti. Utamwona mtu mpole mwenye ndevu, anayemuuliza mgeni, mara nyingine mshindani wake, maswali ya mtu anayetaka kweli kujua kitu kinavyofanya kazi. Miaka hiyo alikuwa ameshahamia kwenye diski za mwanga: ensaiklopidia ya Grolier ya mwaka 1985 kwenye CD-ROM ilitoka mikononi mwa kampuni yake nyingine. Mtu aliyevunjwa moyo na siku moja ya 1980 hafanani na huyu.

Kuvunjika kulikuja, ila baadaye. Novell iliinunua Digital Research mwaka 1991. Mwaka 1992 idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Washington ilitimiza miaka 25, na Kildall, mmoja wa wahitimu wake wa mwanzo wa uzamivu, akaalikwa akae na wasikilizaji. Hotuba kuu alipewa Bill Gates, ambaye hakuwahi kusoma hapo. Uchungu huo ndio uliomsukuma kuandika kumbukumbu zake. Mwaka 1993 aliwagawia ndugu na marafiki nakala chache za mswada. Julai 1994 aliumia kichwa akiwa baa mjini Monterey, akafariki siku tatu baadaye. Jinsi alivyoumia kunasimuliwa kwa namna zinazopingana, na sioni faida ya kuchagua mojawapo.

Mswada huo sasa ndio kiini cha tatizo la yeyote anayemtafiti. Agosti 2016, kwa ridhaa ya watoto wake, makumbusho yalichapisha sehemu ya kwanza, inayohusu miaka ya mwanzo. Sehemu iliyobaki familia iliizuia. Walieleza wazi, kwa ujasiri ninaouheshimu sana, kwamba baba yao alipoiandika alikuwa akipambana na ulevi, na kwamba kurasa zile hazimwonyeshi alivyokuwa hasa.

Sina neno juu ya haki yao. Mzazi akidhoofika, watoto humsitiri, na kwetu asiyefanya hivyo huonekana hana utu. Lakini Evans aliutumia mswada huo mwaka 2004 kuandika sura yake, na simulizi ya kupeana mikono ndani ya ndege ya Florida imeshaingia kwenye historia. Kwa hiyo yapo maelezo yaliyotoka kwenye maandishi ambayo msomaji wa kawaida hawezi kuyafungua ayapime. Jack Sams amejibu hoja ambazo umma haujasoma jinsi zilivyoandikwa. Tim Paterson amehukumiwa na wasomaji kwa maneno ambayo kisima chake kimefunikwa. Na Kildall mwenyewe anaonekana mlalamikaji kwa kurasa ambazo hatujui hasira iliishia wapi na kumbukumbu safi ilianzia wapi.

Hifadhi nyingi zina utaratibu wa hali kama hii. Nyaraka hukabidhiwa zikiwa zimefungwa, na tarehe ya kufunguliwa huandikwa juu yake: miaka 30, miaka 50, mpaka wote waliotajwa wawe wamepumzika. Familia haidhalilishwi, na karatasi haziozi kwenye droo za marafiki waliozeeka. Kama kurasa zilizobaki hazijawekewa mpango wa namna hiyo, naomba ziwekewe, pamoja na karatasi zozote za Dorothy zitakazopatikana, kwenye kasha moja na kwa tarehe moja.